Mgeni Asiyepewa Jembe

Maneno haya husemwa kwa nia njema, ndiyo maana hayapingwi. Mkimbizi aliyefika Ubelgiji au Kanada, watu husema, lazima aumwe upweke: kule kila mtu amefunga mlango wake, baridi inaingia hadi mifupani, na jirani anaweza kufa juma zima bila mtu kujua. Lakini mkimbizi wa huku kwetu? Kambi imejaa hadi hema linasugua hema. Watoto wanalia, kwaya inafanya mazoezi, wanawake wamepanga ndoo bombani tangu alfajiri. Kiswahili ni kimoja, au kama si Kiswahili ni Kibemba, na wenyeji wa ng'ambo ya mpaka pengine ni wa ukoo uleule. Upweke utapitia wapi? Na kama umepenya, dawa yake haihitaji mganga: vita viishe, mtu arudi kwao.

Sisi wa Likasi, katika Katanga ya Kongo, ndio wa mwisho kuyakubali maneno hayo, maana mji wetu uliyaona yakikanushwa, mchana kweupe, katika kituo chake cha reli.

Nianzie Shinkolobwe, kilomita kama 20 magharibi ya mji. Dunia inaijua Shinkolobwe kwa jiwe: urani iliyogunduliwa pale mwaka 1915, ambayo kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliichimba kwanza kwa ajili ya radiamu, na baadaye Wamarekani wakainunua kwa ajili ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Juu ya jiwe hilo vimeandikwa vitabu vingi. Juu ya waliolichimba, vichache mno, nao kwa sehemu kubwa walikuwa watu walioletwa. Katanga ilikuwa na shaba nyingi na watu wachache, kwa hiyo kampuni iliwatafuta mbali: Rodezia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, Ruanda-Urundi, na Kasai. Mwaka 1928 reli ya BCK ilipomaliza kuunganisha Bukama na Port-Francqui, mji uitwao sasa Ilebo, ikiipitia Kasai katikati, njia ya kuja migodini ikawa nyepesi, na vijana wa Kiluba wakapanda mabehewa kwa maelfu.

Walikuwa wageni hasa. Walifika bila ukoo, kila kundi na lugha yake, kwenye kambi zenye nyumba zilizopangwa mstari kama askari. Kampuni haikuwapenda, iliwahitaji. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 iliwahimiza walete wake zao, ikawapa nyumba, poso ya kila juma, hospitali na shule, kwa hesabu ya faida tu, maana mfanyakazi mwenye familia hatoroki. Fimbo na kejeli vilikuwepo pia. Hata hivyo ndani ya kambi hizo watu wakawa watu. Kijana wa Kasai alifundishwa tanuri na mtu wa Luapula, akaoa, akazaa, akaenda kilio cha jirani na jirani akaja chake. Desemba 1941 wafanyakazi wa Likasi na wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, waligoma pamoja kudai mishahara, na risasi za askari hazikuuliza nani ni Mluba na nani ni Mbemba. Kiswahili chetu cha Katanga kilikomaa humo, vinywani mwa watu ambao wengi wao hawakuzaliwa nacho. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kwa kina jinsi kampuni ilivyojifanya baba wa watu hawa, na jinsi walivyobaki yatima baba huyo alipofilisika.

Baba alifilisika lini? Gécamines, iliyoirithi Union Minière, ilikuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Kufikia 1993 ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Mshahara ukaliwa na kupanda kwa bei, poso ikakatika, na kazi zilizobaki zikawa chache kuliko watoto wa wafanyakazi. Ndipo wanasiasa wakapata wa kumlaumu. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na vijana wa chama cha UFERI walikuwa wamekwisha kuwaita Wakasai bilulu, yaani wadudu. Baada ya Agosti nyumba zikaanza kuchomwa Likasi, na Machi 1993 ikawa zamu ya Kolwezi.

Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia kituo cha reli cha Likasi, wakalala hapo na pembezoni mwake, miezi na miezi, wakisubiri treni. Wengi walikufa kwa njaa na kwa maradhi wakiwa hatua chache kutoka mitaa walikozaliwa. Ripoti ya shirika la Africa Watch ya Juni 1993 iliandika habari zao. Na treni zilipopatikana ziliwapeleka, kwa reli ileile iliyowaleta babu zao, mahali ambapo kila mtu alipaita kwao.

Hapa ndipo maneno yale ya nia njema yanapokwama. Kwa vipimo vyote vya kawaida, watu hawa hawakupaswa kujua upweke. Walikuwa wengi kupita kiasi. Wengi wao walikuwa kabila moja, katika nchi yao, chini ya bendera yao. Hawakuvuka mpaka wowote. Na walikuwa wanarudi nyumbani. Lakini chukua mtoto aliyezaliwa Likasi mwaka 1980, ambaye hata baba yake alizaliwa Likasi. Anashuka Mwene-Ditu akiwa na Kiswahili na Kifaransa cha shule. Kiluba cha Kasai anakisikia kwa shida. Baba ni fundi wa mitambo ya kuyeyushia shaba, na hapa hakuna shaba. Ardhi ina wenyewe, na wenyewe wana njaa yao. Shangazi anamwonyesha kaburi la babu asiyemjua, na mtoto anajua kwamba kaburi la mdogo wake liko kilomita mamia nyuma, karibu na reli, bila wa kulipalilia. Amezungukwa na ndugu wa damu. Hakuna hata mmoja kati yao anayejua kwamba yeye ndiye aliyekuwa golikipa wa mtaa.

Mwaka 1973 Robert Weiss, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika kwamba upweke una namna mbili: kukosa mtu wa karibu wa kushikamana naye, na kukosa kundi ambalo una nafasi ndani yake. Dawa ya moja haiponyi nyingine. Mtu mwenye mke na watoto hemani anaweza kuumwa na ile namna ya pili hadi akonde. Tunapohesabu vichwa vya watu kambini na kusema hakuna upweke, tunapima kwa mizani isiyohusika. Swali la kumuuliza mkimbizi ni hili: kesho usipoonekana, kazi gani itakwama? Nani atakuja kukuulizia kwa sababu anakudai, anakutegemea, au zamu ni yako?

Wahenga wetu walilijua jambo hili, ingawa hawakuwa wakizungumzia wakimbizi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi watu huitumia methali hiyo kumsuta mgeni mvivu, na hapo nadhani wanampunja mgeni. Siku ya tatu ndiyo siku anapokoma kutazamwa. Aliyepewa jembe amepewa tuta, na mwenye tuta ana la kuzungumza na jirani jioni, ana la kugombania, ana la kuazimwa. Mgeni anayelishwa siku ya tatu, na ya thelathini, na mwaka wa ishirini, ametengwa kwa wema.

Na hivyo ndivyo sheria nyingi zinavyomfanya mkimbizi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu nchini Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea Wakongomani waliokimbia vita, wengi wao kutoka Kivu ya Kusini: watu wa Fizi na Uvira, wasemaji wa Kiswahili waliokuja katika nchi ya Kiswahili. Kama lugha ingekuwa dawa, hawa wangekuwa wazima siku ya kwanza. Lakini Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, na kutoka ni kwa kibali. Miaka ya karibuni hata masoko ya pamoja, walikokutana mwenyeji na mkimbizi kupimiana mahindi na sabuni, yamefungwa. Wenye mamlaka walikuwa na sababu zao za usalama. Ila soko lilikuwa ndilo mahali pekee ambapo mama wa Fizi alikuwa mteja wa mtu, na mtu wa Kasulu alikuwa mteja wake, na kila mmoja alimjua mwenzake kwa jina na kwa deni. Kulifunga ni kukata uzi, na hakuna kikao cha ushauri nasaha kinachouunganisha.

Kuhusu lugha nina ushahidi mwingine. Mmarekani Marc Sommers alifanya utafiti miongoni mwa vijana wa Kirundi waliotoroka makazi ya wakimbizi mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kwenda kushona nguo Dar es Salaam. Kitabu chake, Fear in Bongoland, kilitoka mwaka 2001. Vijana hao walikisema Kiswahili vizuri kiasi kwamba mteja hakuwashuku. Hapo ndipo palipokuwa na adha yao. Kiswahili kilikuwa mahali pa kujificha, na aliyejificha vizuri hajulikani na mtu. Walilala katika vibanda vya kushonea, wakiogopa polisi, wakiogopa majirani, wakiogopa hata Warundi wenzao wa upande mwingine. Mji uliojaa watu, lugha moja, na siku nzima wateja mlangoni.

Atakayeniambia kwamba upweke ni ugonjwa wa nchi za baridi na za matajiri namwelekeza kwenye ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 kuhusu mahusiano ya watu. Inasema katika nchi za kipato cha chini karibu asilimia 24 ya watu wanajisikia wapweke, mara mbili ya wale wa nchi za kipato cha juu, ambao ni kama asilimia 11. Hilo halinishangazi. Umaskini unamwondolea mtu uwezo wa kuchangia harusi, kupeleka unga kwenye kilio, kupanda basi kwenda kumwona mgonjwa. Kwetu undugu ni kazi yenye gharama, na anayeshindwa gharama huanza kujificha kwa aibu. Mkono mtupu haulambwi. Na mwenye mkono huo ndiye wa kwanza kuuficha mfukoni.

Sasa kuna pingamizi lenye uzito. Mtu anaweza kusema: basi wewe unadai haki ya kufanya kazi, tumekusikia, lakini Uganda imewapa wakimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea kwa sheria ya mwaka 2006, imewapa na vishamba, na upweke bado upo. Ni kweli, upo. Jembe halifufui waliokufa. Mwanamke aliyeona mumewe akiuawa atakuwa na usiku wake hata akiwa na ekari kumi, na hiyo ndiyo ile namna ya kwanza ya Weiss, ambayo hakuna serikali inayoweza kuitungia sheria. Isitoshe, kishamba kisichotosha kulisha watoto, kwenye udongo uliochoka, ni jembe la kuonyeshea wageni. Sidai kwamba kazi inaponya kila kitu. Nadai kwamba ile namna ya pili ya upweke, ambayo watu huilaumu kwa utamaduni au kwa moyo wa mkimbizi mwenyewe, mara nyingi imetengenezwa ofisini, na kilichotengenezwa ofisini kinaweza kubomolewa ofisini.

Tanzania yenyewe ina mfano wa kuonyesha hilo. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliwekwa Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo, misituni. Walipewa ardhi wakaifyeka. Katikati ya miaka ya 1980 makazi hayo yalikuwa yakijilisha na kuuza mazao nje yake. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyekaa nao Mishamo miaka hiyo, alisikia manung'uniko mengi, na sitaki kuyapaka asali maisha ya msituni ambako kutoka kulihitaji karatasi. Lakini alikuta pia watu wanaosimuliana historia yao kila siku, wenye la kusema na wa kumwambia. Serikali ilipowauliza mwaka 2007 wachague, kurudi Burundi au kuwa raia, karibu asilimia 80 walichagua uraia, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wakathibitishiwa. Hao ni watu ambao kila mtu aliamini kwamba ndoto yao ni moja, kurudi.

Na ukoo ng'ambo ya mpaka? Desemba 2000 mji wa Pweto ulipotekwa vitani, watu wa Katanga walivuka kwa makumi ya maelfu kuingia Zambia, wakapelekwa makambi ya Mwange na Kala. Mwaka 2017 wakavuka tena, kupitia Nchelenge, na mwanzoni mwa 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa kwa ajili yao. Ng'ambo zote mbili za mto Luapula ni watu wamoja: Kibemba kimoja, samaki wamoja, machifu wanaojuana. Mjomba anampokea mpwa wake usiku wa kwanza kwa moyo wote, anamgawia bukari, yaani ugali, na mkeka. Mjomba huyo ni mvuvi maskini. Mwezi wa pili mpwa anaona watoto wa mjomba wakipimiwa chakula, anaanza kula kidogo, kisha anaanza kukaa mbali wakati wa chakula. Hakuna aliyemtukana. Ukoo ulibeba mzigo uliokuwa wa serikali mbili na wa dunia nzima, na ulipoelemewa ukaambiwa ndio dawa.

Narudi Shinkolobwe, kwa sababu kuna wafukuzwa ambao hata jina la ukimbizi hawakupewa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mgodi ulikuwa umefungwa zamani, lakini wachimbaji wa mikono waliujaa kutafuta kobalti, na kijiji kikaota juu ya mionzi. Tarehe 28 Januari 2004 amri ya rais iliufunga. Uchimbaji uliendelea, Julai sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuua watu 8, na mwezi uliofuata kijiji kikabomolewa. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulifika miezi michache baadaye kupima mionzi na uimara wa ardhi, kazi iliyokuwa ya lazima. Kuwaondoa watu pale kulikuwa sahihi. Mimi ningewaondoa mapema zaidi. Lakini maelfu ya watu waliokuwa na soko, makanisa, likelemba zao na makundi yao ya kuchimba walitawanywa wakielekea mashimo mengine ya mkoa, kila mmoja na gunia lake. Sumu iliyokuwa ardhini ilipimwa. Kilichokatwa kati ya mtu na mtu hakikupimwa, wala hakikuingia katika hesabu ya hasara.

Nimetaja likelemba kwa makusudi. Watu kumi wanachanga kila mwezi, anapokea mmoja, na zamu inazunguka. Usipokuja, wenzako tisa wanakutafuta hadi mlangoni. Kwaya ni hivyohivyo: sauti ya tatu ikikosekana wimbo unachechemea, na mtu anatumwa kukuulizia. Ndiyo maana kwaya za makambini zinawaokoa watu ambao vikundi vya kuzungumza, vinavyokutana mradi ukiwepo na kufa mradi ukiisha, haviwaokoi. Shirika linalotaka kusaidia lingeanza kwa kuuliza nani alikuwa mkunga, nani alikuwa mwalimu wa hesabu, nani alijua kuchomelea vyuma, kisha likapigania kibali chake cha kazi kwa nguvu ileile linayopigania turubai.

Miaka ya 1990 ilipokuwa inakwisha, na baadaye, wengi wa wale waliosafirishwa Kasai walirudi Katanga. Walirudi Likasi, mji uliowaita wadudu, ambako nyumba zao zilikuwa na watu wengine. Wanaoamini kwamba nyumbani ni damu na kaburi la babu hawawezi kuueleza uamuzi huo. Mimi nauona wazi: hapa kulikuwa na mtu anayekumbuka ulikuwa fundi gani. Hata aliyekuchomea nyumba alijua jina lako. Na miaka ya karibuni treni zinaleta tena vijana kutoka Kasai, waliokimbia vita vya Kamuina Nsapu vilivyoanza mwaka 2016 au njaa iliyovifuata, na kelele za rudini kwenu zimeanza kusikika masokoni. Meya na machifu wa mitaa wanaoulizwa la kufanya nao wana daftari la wakazi mikononi. Wawaandike, na mbele ya kila jina waandike ufundi wake.